Tumba, Giza na Chumba cha Pipeline

Mtaani Pipeline, upande wa mashariki ya jiji la Nairobi, mwanga ni bidhaa. Majengo ya ghorofa saba, nane, hata zaidi, yamesongamana kiasi kwamba mpangaji wa jengo moja akaribia kumpa mkono mpangaji wa jengo la pili bila kutoka chumbani. Vyumba vingi, aghalabu kimoja kwa familia nzima, havitazami barabara. Vinatazama uwazi mwembamba ulioachwa katikati ya jengo, na aliye ghorofa za chini huwasha taa saa sita mchana ili achague mchele. Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake cha mwaka wa 2011, aliyalinganisha majengo ya kupangisha ya Nairobi na yale ya Berlin ya karne ya 19. Ulinganisho huo una mashiko, ingawa Berlin haikuwa na jua la saa kumi na mbili likingoja nje ya ukuta kila siku ya mwaka.

Katika mtaa huu mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mpangaji wa ghorofa ya tatu, aliotesha mrehani katika kopo la Kasuku. Mche uliota, ukarefuka kwa pupa, shina likawa jembamba mithili ya uzi na majani yakapauka. Jirani yake, mama auzaye mboga langoni, aliutazama akatikisa kichwa. "Mwanangu, huo hauumwi na mdudu, unaumwa na nyumba. Upeleke juu, kwenye kamba za nguo." Akaupeleka juu ya paa, baina ya matangi ya maji na nguo zilizoanikwa, na baada ya majuma machache ukashika rangi yake. Hapo ndipo alipoingiwa na hamu ya kujua mimea hufanya nini na mwanga, akaanza kusoma mambo ambayo idara yake haiyafundishi.

Alichokigundua kilimshangaza. Mmea hula mwanga, ndiyo, lakini iko mimea mingi ambayo haichanui kwa sababu ya mwanga. Huchanua kwa sababu ya giza. Tena historia ya ujuzi huo inaanzia, miongoni mwa mimea mingine, kwenye mmea ambao jina lake halitajwi ukumbini mbele ya wazazi. Mwaka wa 1912 Mfaransa Julien Tournois, akiichunguza mihopi ya Kijapani na mibangi, aliona kwamba mimea hiyo huwahi kutoa maua ipatapo mwanga kwa saa chache tu kila siku. Hakuishi kuikamilisha kazi hiyo, kwani aliuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka wa 1920 Wamarekani Garner na Allard, waliokuwa wakisumbuliwa na aina ya tumbaku iliyokataa kuchanua majira ya joto, walithibitisha kwamba urefu wa siku ndio uamuao. Kisha mwaka wa 1938 Hamner na Bonner wakaupindua usemi huo: mmea haupimi mchana, unapima usiku. Mwanga wa muda mfupi sana, ukiangaza katikati ya usiku mrefu, ulitosha kuuvunja usiku huo na kulizuia ua.

Nairobi iko karibu mno na Ikweta. Tofauti baina ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki robo saa. Kwa hiyo mmea unaosubiri usiku mrefu haungoji msimu hapa kwetu. Usiku wa kutosha upo daima, na mbegu ya aina iliyozoea nchi za mbali hukimbilia kuchanua ingali fupi. Akuzaye mmea wa namna hiyo ndani ya nyumba hujifanya mtawala wa usiku. Kwanza huunyima giza kwa kuuwashia taa ili ukue kimo na majani. Baadaye huurudishia usiku wake, nao hufanya maua. Si jambo la wahalifu pekee. Wakulima wa maua nchini Kenya huwasha taa usiku juu ya mikrisanthemamu ili irefuke kabla ya kuachiwa giza, na maua yanayosafirishwa Ulaya hupitia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ulio papo hapo Embakasi. Aliyeko juu ya paa Pipeline huziona ndege zikipaa. Ujuzi ni mmoja. Kinachotofautisha ni leseni, na kwa mbangi sheria ya mwaka wa 1994 kuhusu dawa za kulevya haina mzaha. Hayati Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alipendekeza mwaka wa 2018 sheria hiyo ilegezwe. George Wajackoyah akaufanya mmea huo kuwa hoja kuu ya kampeni yake ya urais mwaka wa 2022. Mmea huo haukuhalalishwa.

Mwanafunzi wetu, kwa kuwa ni mtu wa lugha, alinaswa zaidi na maneno. Vijana wa mtaani huliita "tumba" lile fundo la maua ya mbangi. Lakini tumba, kwa maana tuliyoizoea, ni ua ambalo bado halijafunuka, na fundo hilo halina siku litakayofunuka. Ni kichala cha maua madogo ya kike yasiyo na petali za kuvutia nyuki, maana chavua ya mbangi huletwa na upepo. Je, kichala hicho "huiva"? Hapana, kwa maoni yake. Kuiva kwadai tunda. Mmea wa kike uliotengwa na wa kiume hauzai mbegu; huendelea kuchomoza nyuzi nyeupe za kupokea chavua isiyokuja, hadi nyuzi zenyewe zinyauke na kugeuka rangi ya kahawia, na ulimbo uliozunguka ua upoteze ung'avu wake. Huko ni kupevuka bila kuiva. Kiswahili kimetenga vitenzi hivyo viwili kitambo, nasi huvichanganya kwa uvivu tu. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka wa 1961 umeifasili bangi kwa vilele vyenye maua au matunda, ukayaacha kando majani na mbegu zisizoandamana na vilele hivyo.

Hofu ya mmea huo ndiyo iliyomfikia mpangaji wa ghorofa ya sita katika jengo lile lile. Dirisha lake lilikuwa limezibwa kwa blanketi zito lililopigiliwa misumari. Mchana kutwa chumba kilikuwa kiza, hodi haiitikiwi; jioni mstari wa mwanga ulionekana chini ya mlango kwa muda mfupi, kisha ukazimika. Vijana wa ngazini walihesabu saa hizo, wakakubaliana kwamba mle ndani mnalimwa kitu. Habari zikamfikia msimamizi wa jengo, na asubuhi moja, yapata saa nne, polisi wawili wakagonga hadi mlango ukafunguliwa.

Walikuta godoro, jiko, jozi ya buti na mwanamume aliyeshindwa kufumbua macho vizuri. Alikuwa mlinzi wa usiku wa bohari moja katika Eneo la Viwanda. Alikuwa amelala kwa muda usiotimia saa moja. Blanketi lilikuwa la kumpatia usiku.

Hakuna aliyemwomba radhi. Msimamizi alimwambia aliondoe blanketi hilo ama atafute nyumba kwingine, kwa kuwa linawatia watu wasiwasi, naye akaling'oa siku hiyo hiyo. Tangu hapo hulala na fulana usoni. Mama wa mboga alipomuuliza kama hupata usingizi, alijibu kwamba hupata, ila hukatika kila mlango wa jirani ufunguliwapo na taa ya ushorobani kumwangukia.