Mistari Miwili Chini ya Picha

Gazetini Dar es Salaam, kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo ya picha. Wapiga picha walirudi na filamu, zikasafishwa kwenye chumba cha giza, nami nikaletewa picha zingali na unyevu, zinanuka dawa. Mistari miwili, basi. Wenzangu waliiona kazi ya kuanzia. Mimi nimestaafia hapohapo.

Mzee aliyenifundisha alikuwa na kalamu nyekundu na hasira fupi. Ukiandika “majonzi” au “ya kusikitisha”, anakata. “Bwana mdogo, msomaji ana moyo wake. Wewe mwambie ni nani, yuko wapi, ameshika nini.” Nilidhani ni ukali tu wa wazee.

Mei 1996 nikamwelewa. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21, ikielekea Mwanza. Zilikuja picha za miili, nazo zilitisha. Lakini picha iliyotumaliza nguvu haikuwa na hata maiti mmoja: tumbo la meli limeelekea juu, na watu wamesimama juu yake kama waliopanda mwamba wa ziwani. Kila aliyeinama mezani kuitazama alinyamaza, kisha akauliza jambo moja: na waliomo ndani? Baadaye ikajulikana kwamba tundu lilipotobolewa ili kuwaokoa, hewa ilitoka na meli ikaenda chini. Hadi leo, nikiiona picha ile, macho yangu huenda kwenye miguu ya wale waliosimama. Walikuwa wanasikia nini chini ya nyayo zao? Chini ya picha ya namna hiyo, “majonzi” ni kelele.

Kila Aprili, Muungano ukiadhimishwa, tulitoa picha ileile: Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar, 1964. Maelezo hayakubadilika. Wasomaji ndio waliobadilika. Mmoja aliona ujana wake, mwingine akaona deni ambalo halijalipwa, na wote wawili walikuwa wanatazama udongo uleule. Ningeandika “furaha”, ningemfukuza mmoja wao.

Wewe mwenye albamu ya zamani kabatini, itoe wiki hii, ungali unawakumbuka waliomo. Andika nyuma ya kila picha jina, mahali na mwaka. Hisia zako usiandike, wajukuu watakuwa na zao. Na tumia penseli. Wino huweza kupenya ukachafua sura upande wa pili.