Tulimuita Mheshimiwa kwa Kejeli, Mpaka Shamba la Bibi Lilipotaka Kuuzwa

Leo hakuna umbea wa mastaa, mtanisamehe. Nina stori ya mtu ambaye hamumjui na jina simtaji, maana mwenyewe kaniambia "ukinitaja tunagombana". Tumuite Mheshimiwa, kama tulivyokuwa tunamuita sisi kwenye grupu la WhatsApp, kwa kejeli tupu.

Mimi na Mheshimiwa tumesoma shule ya kata huku Ngara, kidato cha tatu tulikaa dawati moja. Matokeo ya foomu foo yalipotoka yeye akaenda advansi kusoma HGL. Mimi divisheni foo. Nikashuka Benaco kufungua kibanda, natuma na kutoa hela, nabandika vioo vya simu. Blogu hii nimejifunzia humo humo kibandani, usiku malori yakiwa yamepaki yanasubiri kwenda Rusumo.

Alipomaliza advansi aliomba sheria, akakosa. Mwaka 2021 akapata Sayansi ya Siasa na Utawala pale Mlimani, na kiukweli hata yeye hakuitaka. Baba yake aliuza mbuzi kupata nauli ya kwenda Dar, na kila akimpigia simu swali lilikuwa moja: "Ukimaliza unakuwa nani?" Mwenzake wa uuguzi anakuwa nesi. Wa ualimu anakuwa mwalimu. Wa siasa je? Mtoto wa watu anabaki kusema "baba, mtandao unasumbua".

Sisi kwenye grupu ndo usiseme. Mimi nilikuwa kinara, sijifichi. Hoja yangu kubwa ilikuwa hii: mtu maarufu kuliko wote kwenye siasa kutoka upande huu ni Magufuli, aliyeingia bungeni 1995 kwa jimbo la Biharamulo Mashariki, na alikuwa mwalimu wa kemia na hisabati. Sasa kama hata siasa wanafanya watu wa sayansi, wewe wa HGL unaenda kusomea nini, porojo?

Akanijibu kwa voisi ndefu. Kwamba Nyerere alienda Edinburgh 1949, akarudi 1952 na digrii ya mambo kama historia, uchumi na falsafa, hakurudi na udaktari wala uinjinia. Kwamba Museveni, jirani yetu hapo, alimaliza Mlimani 1970 akiwa amesoma uchumi na siasa. Na kwamba watu wa Biharamulo hawakumpa mtu kura kwa sababu ya kemia. Nikatuma emoji ya kucheka. Sikuwa na jibu.

Ila baadaye aliniambia kuwa na yeye siku ile alikuwa anajibu tu ili asishindwe. Mwaka wa kwanza alikuwa amepotea kabisa. Jumatatu anasoma mambo ya Plato, Jumanne ukoloni, Jumatano maendeleo, Ijumaa bumu limeisha. Hakuna aliyekuwa anamwambia hivi vitu vinakutana wapi.

Fildi ya kwanza, 2022, akapangwa Biharamulo. Akafikia kwa shangazi yake. Wiki nane, meza ya maendeleo ya jamii, kazi yake kupitia katiba za vikundi vinavyoomba ile mikopo ya halmashauri. Mnaijua ile, asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Alitegemea kusinzia. Lakini kuna kikundi cha akina mama wafuga kuku walileta katiba ya karatasi za daftari, imeandikwa kwa mkono, na kifungu kirefu kuliko vyote kilikuwa kinasema nini kifanyike mwenyekiti akila hela. Nani aitishe kikao, nani ashike funguo za sanduku, mwenyekiti akikimbia nani alipe. Akanipigia usiku anacheka peke yake. "Kaka, darasani nimesoma muhula mzima kwa nini watu wanakubali kutawaliwa, nikajua ni maneno ya Wazungu waliokufa. Hawa mama wameyaandika bila kuyasoma." Mimi nikamuuliza kama kuku wanauzwa bei gani. Ndo nilivyokuwa.

Fildi ya pili, 2023, akaipata kwenye ofisi ya mbunge mmoja, huku huku nyumbani. Hapo hata sisi tulinyamaza kidogo, maana tuliwaza V8 na posho. Wapi! Kulikuwa na benchi nje, daftari la wageni na kalamu iliyofungwa kamba. Kazi yake kuandika: jina, kijiji, shida. Mama anataka nauli ya kumpeleka mtoto Bugando. Mzee hana cheti cha kuzaliwa cha mjukuu na shule imekitaka. Watu wa kitongoji wanataka bati. Mipaka ya mashamba, hiyo ndo ilikuwa haiishi. Kila mtu anataka "barua ya mheshimiwa". Wiki ya tatu akagundua kuwa wengi wao shida zao hazikuwa za mbunge kabisa. Zilikuwa za kijijini kwao, kwa mtendaji, kwa baraza fulani ambalo hawajui kama lipo. Wamepanda boda kutoka mbali kuja kwa mtu ambaye yuko Dodoma.

Sasa hapo ndo naingia mimi.

Agosti hiyo hiyo baba mdogo akatangaza anauza shamba la bibi. Migomba, kahawa kidogo, nyumba ya bibi ipo pembeni yake. Babu alishafariki, baba yangu naye alishafariki. Baba mdogo akasema shamba ni la ukoo, mwanamke hana shamba, mteja ameshapatikana. Wadau, huyu baba mdogo ndiye aliyenilipia michango yote ya shule. Kwa hiyo mimi mwenye mdomo mrefu mtandaoni nilikaa kimya siku tisa. Bibi hakuniomba kitu. Aliendelea kupalilia tu.

Siku ya kumi nikampigia Mheshimiwa. Jumamosi akaja na boda. Akapiga goti, "shikamoo bibi", akakaa kwenye mkeka, na kwa karibu saa nzima hakusema lolote la sheria. Aliuliza tu. Bibi hajui tarehe hata moja, hata ya kuzaliwa kwake hajui, na karatasi ya shamba hana. Mimi nikaona imeisha hiyo.

Mheshimiwa akamuuliza, "Bibi, wakati wa vita ya Amini ulikuwa umeshaolewa hapa?" Bibi akasema ndiyo, alikuwa na mtoto mgongoni. "Na wakimbizi wa Rwanda walipokuja, migomba hii ilikuwa imefika wapi?" Bibi akacheka. Akasema ilikuwa inazaa tayari, aliikata yeye kwa mkono wake akawapikia watu waliolala hapo uani, na akataja majina ya majirani wawili waliokuwa wanamsaidia, wote wazima mpaka leo.

Mlio wadogo mtajua kwa kusimuliwa. Mwisho wa Aprili 1994, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja hivi wakikimbia mauaji ya kimbari, na kambi ikawekwa hapa hapa Benaco ninapobandikia vioo. Hakuna mtu mzima wa Ngara aliyesahau alikuwa wapi. Kumbe hiyo ndo kalenda. Mheshimiwa aliandika kila kitu: vita 1978, wakimbizi 1994, nani alipanda, nani aliona. Nikamuuliza hii mbinu kaitoa wapi. "Historia, mwaka wa kwanza," akasema. "Kozi uliyosema ni porojo."

Ndo akatuambia sasa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi ni batili. Kwamba kuna baraza la ardhi la kijiji, wajumbe saba, na angalau watatu lazima wawe wanawake. Halifungi mtu, linasuluhisha. La kijijini kwetu lilikuwa limebaki na mwanamke mmoja, hakuna aliyejali. Tuandike barua nafasi zijazwe kwanza, halafu bibi asikilizwe.

Barua niliandika mimi, si najiita mwandishi. Akaipitia na kalamu nyekundu. "Futa 'mwizi'. Futa 'mwenye tamaa'. Andika alichofanya na siku aliyofanya." Ilibaki nusu ukurasa. Niliumia, ila mkisoma posti zangu za zamani na za sasa mtaona tofauti imeanzia wapi.

Kikao kilikuja kukaa wiki kadhaa baadaye. Majirani wale wawili walikuja. Shamba halikuuzwa. Bibi alilia siku ile na siyo kwa furaha, alilia kwa sababu aliyekuwa amekaa upande wa pili ni mwanaye wa mwisho. Baba mdogo mpaka leo hanisalimii. Msibani tunapishana kama watu wa mabasi tofauti.

Mheshimiwa alimaliza 2024. Tukategemea ataanza kutafuta ubunge wa viti maalum. Akasema anataka utendaji wa kata. Jamani! Baba yake alikaa siku mbili haongei. Digrii ya Mlimani, mbuzi wameuzwa, unaenda kusuluhisha wagomvi wa pombe na kukusanya michango? Mimi mwenyewe nilimwambia anajishusha. Akasema pale kwenye daftari la wageni aliona mahali watu wanapopotelea njia, na yeye anataka kukaa hapo.

Ajira bado. Ameomba serikalini, anasubiri kuitwa kwenye usaili, siku zinaenda. Kwa sasa anajitolea kwenye ofisi ya kata moja, nauli juu yake, na mwezi mwingine namtumia hela ya chakula mchana. Sitawadanganya kuwa maisha yamenyooka. Kuna usiku ananipigia anasema angesoma uuguzi.

Juzi baba yake alikuja kibandani kutoa elfu ishirini. Nikamchokoza, "Mzee, siku hizi ukiulizwa binti amekuwa nani unasemaje?" Akahesabu hela zake taratibu, akaziweka mfukoni.

"Sijui ni nani," akasema. "Ila watu wanakuja nyumbani kumuulizia kabla sijanywa chai, na majani wananimalizia wao."