Mwendo wa Aliye Nyuma: Usomaji, Mbio na Ushirika wa Wanawake Ugenini

Kwa muda mrefu uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umemtafuta mwanamke aliyekombolewa, na aghalabu umemtafuta akiwa peke yake. Mhakiki huchukua riwaya au tamthilia, akamtenga mhusika mmoja wa kike, kisha akampima: je, ameikata minyororo au bado imemfunga? Rosa wa Rosa Mistika (1971) hupimwa hivyo, na kwa kuwa Kezilahabi anamfikisha kwenye kujiua, hesabu yake hufungwa upesi. Ni nadra kuulizwa Rosa alikuwa na nani. Wasichana aliosoma nao shuleni na chuoni walikuwa wapi, na kwa nini urafiki wao haukuwa na nguvu ya kumzuia? Huenda riwaya haina jibu. Lakini kutouliza ni kasoro ya uhakiki, si ya riwaya.

Swali hilo la nani yuko na nani ndilo lililomkabili mwanamke mmoja, mzaliwa wa Roret, aliyekwenda Ujerumani mwaka 2019 kusomea uzamifu katika Chuo Kikuu cha Bayreuth. Jina lake halihitajiki hapa, na mwenyewe hakupenda litajwe. Alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, mama wa watoto wawili aliowaacha kwa mama yake, na alikuwa amekwisha kuyasoma maandishi ya kifeministi kiasi cha kuweza kuyafundisha. Ila, kwa maneno yake, aliyasoma kama mtu anavyosoma ramani ya mji asioujua.

Roret ni mji mdogo wa Bureti, katika kaunti ya Kericho, nao umezungukwa na mashamba ya chai ya wakulima wadogo. Mgeni apitaye huko asubuhi huwaona wanawake wakichuma kwa safu, vikapu mgongoni, majani mawili na chipukizi lake, huku mazungumzo yakienda kutoka mstari hadi mstari. Angedhani ushirika wa wanawake umekamilika papo hapo. Lakini majani yafikapo kwenye kituo cha kupimia, kila kikapu huning'inizwa peke yake kwenye mizani, na kilo zake huandikwa kwa namba ya mkulima, ambayo mara nyingi ni ya mume. Bonasi ya mwaka inapolipwa hufuata namba hiyo hiyo. Wanawake wanavyo vyama vyao vya kuchangiana, tena vina nidhamu kuliko benki nyingi, na mila ya Kipsigis ilimpa hata mwanamke asiye na mtoto wa kiume njia ya kuoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isizimike. Kwa hiyo si kweli kwamba binti huyu alitoka mahali pasipokuwa na umoja wa wanawake. Alitoka mahali ambapo kila umoja wa wanawake una kazi ya kufanya: kuchuma, kuchanga, kuzika, kuoza, kuendeleza ukoo. Umoja usio na kazi haukuwa na jina.

Bayreuth ni mji unaojulikana kwa wapenzi wa Kiswahili, kwa kuwa kongamano la Kiswahili limekuwa likifanyika huko kila mwaka tangu miaka ya 1980, na nyumba ya sanaa ya Iwalewahaus ilifunguliwa mwaka 1981. Hata hivyo, kongamano ni la siku chache tu, na baridi ni ya miezi mingi. Kilichomtoa chumbani ni kikao cha kusoma kilichoanzishwa na wanawake sita au saba: Wajerumani waliojifunza Kiswahili, Mtanzania, Mzanzibari, na Mkameruni mmoja ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha. Walikutana Alhamisi jioni. Baadaye mmoja wao akapendekeza kwamba Jumamosi wakimbie pamoja katika bustani ya Hofgarten, kandokando ya mto Roter Main, na mara mojamoja kupanda kilima kinachofika kwenye jumba la opera la Wagner.

Hapa pana kichekesho kisichostahili kupuuzwa. Walipojua kuwa mwenzao ni Mkalenjin wa Kericho walitetemeka. Kericho ndiko kwao Wilson Kiprugut Chumo, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, huko Tokyo mwaka 1964. Ndiko kwao pia Joyce Chepchumba, mshindi wa marathoni ya London mwaka 1997 na 1999. Jumamosi ya kwanza binti wa Roret alifika wa mwisho, akihema kama mvukuto. Hakuwa amekimbia tangu alipomaliza shule. Nyumbani mtu mzima anayekimbia barabarani ama ni mwanariadha ama ana mgonjwa. Mama yake alipoambiwa habari hizo kwa simu aliuliza: “Unakimbia kwenda wapi, mwanangu?” Hilo halikuwa swali la dhihaka. Lugha ya Kiswahili nayo haimheshimu sana mkimbiaji: mbio za sakafuni huishia ukingoni, haraka haraka haina baraka. Mbio za kukimbia tu, zisizo na mwizi, vita wala tuzo, wahenga hawakuzipangia methali.

Kanuni ya kundi lile ilikuwa moja: mwendo ni wa aliye nyuma, na asiyeweza kuzungumza anakwenda kasi mno. Kwa miezi kadhaa, basi, mwendo ulikuwa wake. Ni katika mwendo huo ambapo vitabu vya Alhamisi vilijadiliwa kwa ukweli kuliko mezani. Mtu anayekimbia bega kwa bega na mwenzake hamtazami usoni. Husema yale ambayo angeyameza mbele ya kikombe cha kahawa. Hapo ndipo Mzanzibari aliposimulia talaka yake. Hapo ndipo Mjerumani mmoja, binti wa mkulima, alipoeleza jinsi shamba la kwao lilivyopewa kaka yake bila mtu yeyote kuuliza, na binti wa Roret akagundua kwamba namba ya mizani ya chai ina ndugu zake Ulaya. Mwaka 2020, korona ilipofunga kumbi, kikao kilihamia mitandaoni na mbio zikawa za wawili wawili, lakini hazikukoma.

Walisoma nini? Walisoma Barua Ndefu Kama Hii, yaani riwaya ya Mariama Bâ ya mwaka 1979 katika tafsiri yake ya Kiswahili, wengine wakifuata kwa Kifaransa. Wahakiki wengi humtazama Ramatoulaye, mwandishi wa barua, aliyebaki Senegali na mke mwenza. Na kwa haki, kwa sababu sauti ni yake. Kikao kile kilimng'ang'ania Aissatou, mwandikiwa, aliyemwacha mumewe, akavishika vitabu, akasoma, na hatimaye akapata kazi katika ubalozi wa nchi yake Marekani. Riwaya inasema waziwazi kwamba vitabu ndivyo vilivyomwokoa. Inasema pia kwamba alipata uwezo wa kumnunulia rafiki yake gari. Lakini huko ugenini alikuwa na akina nani? Jumapili alikwenda kwa nani? Hatuambiwi kitu. Fasihi ya Afrika imewapeleka wanawake wengi ng'ambo, ikawapa vyeti, mishahara na upweke, kana kwamba mwanamke akishavuka bahari huacha kuwa na shoga wa kumwambia neno. Penye pengo hilo kikao kilitumia majuma matatu, na pengine ndiyo yaliyokuwa majuma yake bora.

Kisha wakasoma Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando, binti wa Roret akiwafasiria wasioelewa. Humo wanawake, kuanzia Bi Moja hadi Bi Nane, wanajaribu kuisimamisha nguzo, na haisimami. Kila mmoja ana la kumvuta pembeni. Imekuwa desturi kuisoma tamthilia hii kama lawama kwa wanawake wasioelewana. Usomaji huo ni mwepesi. Nguzo ni kitu kinachotaka wote wanyanyue kwa dakika moja na kwa nguvu moja, na wanawake wale hawana dakika ya pamoja: saa zao zina wenyewe. Kabla ya kuuliza kama wanapendana, yafaa kuuliza ni nani anayemiliki siku yao. Kile ambacho Ujerumani ilimpa binti wa Roret si nadharia, ambayo alikuwa nayo tayari, wala si mapenzi ya wanawake wenzake, ambayo Bureti haikuwa imepungukiwa nayo. Ilimpa saa mbili za Jumamosi zisizo na mwenyewe. Ni lazima isemwe pia kwamba saa hizo zililipiwa na mama yake, aliyekuwa akiwalea wajukuu na kuchuma chai Roret.

Wala hakuwa wa kwanza kutoka nyanda hizo kukimbia na wanawake wenzake Ujerumani. Katika miaka ya 1990 Joyce Chepchumba na Tegla Loroupe wa Pokot Magharibi walifanya mazoezi na kuishi vipindi virefu huko Detmold. Loroupe alikuwa ameshinda New York mwaka 1994, Mwafrika wa kwanza wa kike kufanya hivyo. Mwaka 1998, Rotterdam, aliivunja rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2:20:47, akiwa amezungukwa na wanaume waliomwekea mwendo. Wapo walionung'unika kwamba rekodi hiyo ilikuwa na mkono wa kiume. Mwaka uliofuata Chepchumba alishinda London kwa 2:23:22 katika mbio za wanawake watupu, na wakati huo ulikuwa bora kuliko wote uliowahi kupatikana bila mwanamume mbele. Mwaka 2011 shirikisho la dunia lilitaka rekodi za wanawake zihesabiwe katika mbio za namna hiyo tu. Baada ya malalamiko zikabaki rekodi za aina mbili. Mhakiki wa fasihi atatambua mjadala huo mara moja. Kwa miaka mingi wahusika wa kike wa Kiswahili waliwekewa mwendo na waandishi wa kiume, Rosa akiwa mmojawapo. Wakati walioupata ni wa kweli. Ila ni vema ijulikane nani alikuwa akikata upepo.

Tarehe 12 Septemba 2021 Agnes Tirop, mzaliwa wa Nandi, alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake watupu kwa dakika 30:01, mjini Herzogenaurach, mwendo usiofika saa mbili kwa gari kutoka Bayreuth. Wanawake wa Jumamosi waliitazama kwenye simu, wakashangilia kana kwamba mbio zile zilikuwa zao. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo Tirop alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten. Alikuwa na umri wa miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, naye akakana.

Jumamosi iliyofuata kundi lilikutana Hofgarten na hakuna aliyekimbia. Walitembea. Mmoja wa Wajerumani alisema, kwa nia njema, kwamba afadhali mwenzao yuko huku ambako ni salama. Binti wa Roret alimjibu kwamba rekodi ilivunjwa huku na mwili ukaokotwa kule, na kwamba hizo si habari mbili. Yalikuwa maneno makali, na urafiki wao ulichukua muda kupona. Lakini alikuwa na haki. Ushirika unaopatikana ugenini una kasoro hii, kwamba humlinda mtu katika saa ambazo hahitaji sana kulindwa. Mwanariadha wa kike wa Kenya hukimbia Ulaya kati ya wanawake, kisha hurudi kwenye nyumba, shamba na akaunti ambamo fedha ya miguu yake huwa ya kugombaniwa. Damaris Muthee aliuawa Iten mwaka 2022. Rebecca Cheptegei wa Uganda alifariki Eldoret tarehe 5 Septemba 2024, baada ya kuchomwa moto na mwanamume aliyekuwa mwenzi wake, majuma machache tu tangu akimbie marathoni ya Olimpiki Paris.

Majibu ya wanariadha wenyewe hayakungoja wasomi. Baada ya kifo cha Tirop, Viola Cheptoo, aliyewahi kusoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Florida State, pamoja na wenzake walianzisha Tirop's Angels, shirika la kuwasaidia wanawake wanaokumbwa na ukatili wa kijinsia. Mwaka 2022 Mary Ngugi alianzisha Nyahururu kundi la mazoezi la wasichana, Nala Track Club. Hakuna kati ya hao aliyeandika makala ya nadharia, nao wanastahili kusomwa kama maandishi.

Binti wa Roret alirudi nyumbani na shahada yake mwaka 2023. Mwezi wa Februari mwaka huo BBC ilikuwa imetangaza uchunguzi wake juu ya wasimamizi waliowadai wanawake ngono ili wapewe kazi katika mashamba makubwa ya Kericho, na hakukuwa na safu ya wachumaji isiyolizungumza jambo hilo. Alijaribu kuwaita majirani wakimbie. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakakubali kutembea: Jumapili baada ya kanisa, njia ya mzunguko kati ya mashamba, wanane au tisa, wengine na watoto mgongoni. Huwasomea Nguzo Mama onyesho kwa onyesho, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kipsigis, wanapopumzika. Mume mmoja alikuja kuuliza ni chama gani hicho ambacho hakichangi pesa, akaenda zake hajaridhika. Walipofika mahali ambapo nguzo inakataa kusimama, bibi mmoja aliyechuma chai tangu utotoni, na ambaye hakuwahi kuingia darasani, aliwakatiza wenzake waliokuwa wakimlaumu Bi huyu na Bi yule. Alitaka kujua, hao wanawake walipokuwa wakiinyanyua hiyo nguzo, nyumbani kwao nani alikuwa amebaki jikoni.

Walitembea kilomita nzima wakibishana juu ya hilo, na onyesho lililokuwa limebaki likaahirishwa hadi Jumapili nyingine.