Nyumba za Dar kwenye Baridi ya Njombe

Wajukuu zangu wanaamini kwamba sisi wazee wa Njombe tuliumbwa kwa chuma. Wakija likizo ya Juni kutoka Dar es Salaam wanavaa majaketi mawili mawili, wanajizungushia shali mpaka puani, halafu wananitazama na koti langu moja na kusema, "Babu, nyie mlishazoea."

Hakuna anayezoea. Tulikwenda shule pekupeku juu ya majani yenye sakitu, visigino vimepasuka, kila mmoja na ukuni wa mwalimu kwapani, na baridi ile ilituliza kabisa. Ila usiku, ndani ya nyumba, tulikuwa na joto. Hilo ndilo vijana hawalikubali ninapowaambia. Sisi tuliozaliwa miaka ya 1940 na 1950 tulitetemeka mchana, nje. Usiku tulilala fofofo. Wao wanashinda vizuri, viatu miguuni na soksi nzito, kisha wanatetemeka kitandani.

Baridi yenyewe ni ileile. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 hewa hupungua joto kwa takriban nyuzi 6. Kitulo, kule Makete, ni zaidi ya mita 2,600. Kipupwe kikiingia, mbingu ikatakata bila wingu, joto lote la mchana hupaa usiku na kwenda zake. Kilichobadilika ni nyumba.

Nyumba ya wazazi wangu ilikuwa ya miti na udongo, ukuta wenye unene wa shibiri moja na zaidi, paa la nyasi limeshuka hadi usawa wa bega. Uliingia umeinama. Dirisha lilikuwa tundu tu, nalo jioni lilizibwa kwa kitambaa. Mafiga yalikuwa katikati, na juu yake dari ya mianzi ambako mahindi ya mbegu yalikaa moshini, fukusi wasiyaguse. Mama akishaipua ugali, moto haukuzimwa. Magogo yalisogezwa, makaa yakafukiwa majivuni, na ule udongo wa ukuta uliokuwa umekunywa joto tangu alasiri ukaanza kulirudisha kidogo kidogo mpaka majogoo. Watoto tulilala kwa kubanana, mbuzi wakiwa upande wa pili wa kiambaza. Mwili wa mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 hadi 80. Chumba kidogo chenye watoto wanne na mbuzi watatu kilikuwa na hita yake tayari, tena isiyodai senti.

Siisifii nyumba ile kupita kiasi. Moshi uliwafanya bibi zetu wawe na macho mekundu na kikohozi kisichokwisha. Viroboto walitula. Cheche moja kwenye nyasi kavu za Agosti ilitosha kuacha familia nje, na karibu kila ukoo ulikuwa na mtoto mwenye kovu la kuangukia mafiga. Kwa hiyo tulipopata nafasi ya kuikimbia, tuliikimbia mbio.

Nafasi hiyo ilikuja na Operesheni Vijiji. Mwaka 1974 wengi wetu tulihamishwa kutoka vilimani tukajipanga kwenye mistari ya kijiji, tukaambiwa tujenge nyumba bora. Nyumba bora ilikuwa ya bati. Enzi za uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, bati lilikuwa mali ya kutafutwa kwa kibali na kwa kujuana. Mwenye paa linalong'aa alisalimiwa tofauti barabarani. Tuliuza ng'ombe, tukauza mahindi, tukaezeka. Mvua haikuvuja tena, moto haukuturukia, panya walipungua. Mtu asituambie kwamba tulikuwa wajinga.

Lakini bati ni ngozi nyembamba. Jua likizama tu limeshapoa, na usiku kucha linatupa joto la nyumba mbinguni. Pumzi za walalaji hupanda, zikigusa bati la baridi zinageuka matone, na alfajiri matone hayo yanakudondokea usoni. Tulibadilisha paa, lakini hatukuweka kitu chochote chini yake. Dari ilionekana ni anasa ya misheni na ya nyumba za mabwana shamba.

Watoto wetu wakaendelea pale tulipoachia, na hapo ndipo ninapokasirika kidogo. Ramani za nyumba wanazojenga zinatoka Dar es Salaam. Sebule pana, dirisha kubwa kila upande, paa limeinuliwa juu, sakafu ya vigae. Kila kitu katika nyumba hiyo kimekusudiwa kufukuza joto, kwa sababu mchoraji anaishi pwani, na pwani joto ndilo adui. Mtu wa Temeke anaweka vigae ili miguu yake ipate ubaridi. Mtu wa Njombe anaweka vigae kwa kuwa ameviona Temeke, kisha ananunua zulia la kuvifunika.

Halafu anaanza kununua joto. Wenye uwezo wananunua hita ya umeme. Hita ya wati 2,000 hula yuniti 2 kwa saa. Iwashe kwa saa 4 kila usiku, umetumia yuniti 8. Siku ya kumi una yuniti 80, na mteja mdogo anayepewa bei nafuu ya umeme hatakiwi kuvuka 75 kwa mwezi mzima, taa na televisheni zikiwemo. Asiye na uwezo huo anaingiza jiko la mkaa chumbani.

Hapa nitakaa kidogo, maana kila kipupwe tunazika. Mkaa ukishakolea hauna moshi, na ndiyo maana watu wanauamini. Wazee wetu waliona moshi, wakakohoa, wakafungua mlango. Nyumba ya nyasi yenyewe ilipumua kila upande. Chumba cha kupanga cha tofali na saruji, mlango umebanwa, nguo imesokomezwa chini yake, hakipumui. Mkaa unaoungua humo hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kinaanza kichwa kuuma, kisha usingizi mzito, na anayelala usingizi huo hajui kwamba anapaswa kuamka. Kama huna budi, ota moto jioni mlango ukiwa wazi, na jiko litoke nje kabla hujavua viatu. Usiliache "lipoe taratibu". Linapopoa ndipo linapoua.

Sasa tunahimizwa kutumia gesi, na ninaunga mkono. Macho ya mama yangu yangepona. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Jambo ambalo sisikii likisemwa ni kwamba huku kwetu jiko halikuwa la kupikia tu. Mtungi wa gesi unaivisha maharage, ukazimwa, na familia ikabaki kwenye baridi. Ndiyo maana utaikuta nyumba ina mtungi jikoni na gunia la mkaa nyuma ya mlango. Watu wa mipango wanadhani ni ubishi wa kijijini. Ni baridi.

Dawa ya bei ndogo iko juu ya vichwa vyetu. Njombe na Mufindi ni nchi ya mbao: misonobari hadi upeo wa macho, miwati iliyopandwa tangu miaka ya 1940, malori yanashuka kila siku kwenda Dar es Salaam. Sisi wenye mbao tunalala chini ya bati tupu! Mabanzi yanayobaki viwandani, yale yanayouzwa kwa bei ya kuni, yanatosha kufunika chumba cha kulala. Nimeona mjane mmoja jirani akishona viroba vya mbolea vilivyofuliwa, akavitandaza chini ya kenchi na kuvipigilia misumari yenye vizibo vya soda ili visichanike. Hakuweka fundi. Matone yalikoma wiki ileile.

Kisha ule uwazi kati ya kichwa cha ukuta na bati. Ukisimama kitandani ukanyanyua mkono usiku wa Julai utausikia upepo wa kusi unapita pale. Udongo uliokandwa na nyasi zilizokatwakatwa unauziba kwa siku moja. Acha tundu dogo la hewa upande usiopigwa na upepo. Na msilale mmoja mmoja kwenye vyumba vinne kipupwe chote. Watoto wakikusanywa chumba kimoja watalalamika wiki ya kwanza, baada ya hapo ukitaka kuwarudisha vyumbani kwao utafukuzwa. Sweta za sufu zimejaa kwenye marundo ya mitumba, zile tulizoziita kafa Ulaya. Ya zamani na nzito inashinda jaketi jipya la nailoni. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitenge, miguuni, inafika hadi saa nane za usiku. Pombe haimo katika orodha hii, marafiki zangu wanisamehe: inakufanya uhisi joto huku mwili unalimwaga nje.

Mwanangu wa mwisho anajenga, ameshafika usawa wa lenta. Fedha iliyobaki inatosha vigae au dari, si vyote. Nimemwambia dari. Mkewe, ambaye ni mtu wa Tanga na anajua kujibu kwa heshima, ameniambia, "Baba, mgeni akiingia hatazami juu, anatazama anapokanyaga." Nimemuuliza huyo mgeni atalala siku ngapi. Fundi naye amesema tukiendelea kubishana hivi, Juni itatukuta, na yeye ana kazi nyingine Makambako.