Kila Chambo na Mshipi Wake

Watu wa mjini wakisikia neno mshipi hushika kiuno, na daktari hufikiria damu. Mtu wa mwambao wa Karema au Ikola akilisikia hutazama vidole vyake. Huko mshipi ni uzi wenye ndoana, na vidole vya aliyeutumia miaka mingi vina alama ambazo hata akivaa suti ya harusi hazifichiki.

Nimeamua kuuandikia uzi huu, ndugu msomaji, kwa sababu sisi vijana wa Mpanda tunakula mgebuka na ugali bila kujiuliza. Aliyemtoa majini yule samaki alianza kazi yake dukani, mbele ya kaunta, na kazi hiyo si ya mzaha hata kidogo.

Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, na maji yake ni maangavu ajabu. Ndani yake wamo sangala na migebuka, ambao ni ukoo mmoja na sangara wa Ziwa Victoria. Dagaa ndio chakula chao. Usiku taa zikiwaka juu ya mitumbwi, dagaa huja kwenye mwanga, nao migebuka huja nyuma ya dagaa, na sangala wakubwa hubaki chini wakingoja zamu yao. Kwa hiyo ukitupa ndoana pale unatupa katika ghorofa. Swali ni moja tu: unabisha hodi kwa nani?

Kuna jarida la wavuvi wa Marekani lililonifikia kwa mkono wa rafiki. Lilijaa habari za bass, samaki wa maji baridi ambaye Wazungu walimleta mpaka Ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920 ili wapate wa kuvua kwa starehe. Jarida lile lilisema kila chambo cha bandia kina uzi wake, na nyuzi zenyewe ni za aina tatu.

Ya kwanza ni nailoni, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 na Wallace Carothers katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani. Nailoni ni rahisi bei, laini, na huvutika. Samaki akishtuka, uzi unampa nafasi kidogo badala ya kumchana mdomo, kwa hiyo inafaa chambo chenye ndoana nyingi ndogo zinazoshika juujuu. Ya pili ni fluorokaboni. Hii huzama haraka, na ndani ya maji haionekani kirahisi, ndiyo maana huwekwa karibu na ndoana mahali penye maji maangavu. Ya tatu ni uzi wa kusuka, wa nyuzi nyembamba zenye nguvu kubwa. Huo hauvutiki. Samaki akigusa tu chambo huko chini, wewe juu unajua. Hukata hata magugu, ila maji yakiwa meupe samaki huuona.

Niliyachukua maarifa hayo mpaka Karema kwa mjomba wangu, mdogo wake mama. Yeye anavua kwa mshipi wa mkono, kwa maana nyavu na injini ni mambo ya wenye nazo. Baada ya shikamoo na chai nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

“Hao wenzetu, mjomba, uzi wameushika kwa nini?”

“Kwa ufito wenye kigurudumu cha kukunjia, mjomba.”

Akaninyooshea kiganja. “Kigurudumu changu ndicho hiki.”

Hapo nikaelewa kwamba jarida lile lilihitaji kufasiriwa upya kwa ajili ya mkono. Uzi wa kusuka unaosifiwa kwa wembamba wake ukivutwa na sangala hugeuka wembe. Kigurudumu hakitoki damu. Mvuvi wa mkono anataka uzi mnene kidogo, hata kama samaki hana uzito wa kuudai, kwa sababu vidole vinahitaji kitu cha kushika. Basi akanipa somo lake, chambo kwa chambo.

Kwa mgebuka chambo ni manyoya ya kuku, au nyuzi zinazometameta zilizochomolewa kwenye kiroba, zimefungwa juu ya ndoana ndogo. Chubwi hukaa chini, na mkono hupandisha na kushusha ili manyoya yacheze kama dagaa anayekimbia. Mshipi mkuu ni nailoni ya unene wa kati. Matawi yanayobeba ndoana ni nailoni nyembamba zaidi, kwa sababu mbili. Nailoni nene huyafanya manyoya yakakamae, na mgebuka si mjinga. Tena tawi likinasa kwenye jiwe, likatike lenyewe na kuuacha mshipi mkuu salama.

Kwa sangala chambo ni samaki mzima, dagaa mkubwa au mgebuka mdogo, aliyeshushwa mpaka chini. Hapo nailoni ni nene, na kipande cha mwisho ni kinene kuliko vyote, maana vifuniko vya matamvua ya sangala vina makali na uzi mwembamba ukisuguana navyo kwaheri. Tatizo la nailoni ni kuvutika kwake. Ukiwa umeshusha mita 60, uzi waweza kurefuka mita kadhaa kabla nguvu ya mkono wako haijafika kwenye ndoana. Kwa hiyo mvuvi wa sangala havuti kwa kifundo cha mkono. Anavuta kwa bega, kwa mgongo, karibu asimame.

Kwa kambale wa mabwawa ya tope huku Mpanda, funga mnyoo, tumia nailoni nene yoyote, usihangaike na rangi. Kule hakuna anayeona kitu.

Lakini habari ninayotaka kuisema hasa ni ya Agosti 2024. Mwaka ule uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Sipingi hata kidogo, maana wavuvi wenyewe walikuwa wakilalamika kwamba samaki wamepungua. Ila miezi mitatu ni mirefu kwa mtu asiye na shamba la maana. Ziwa lilipokaribia kufunguliwa, mjomba alikuja Mpanda kununua mshipi, na nikamsindikiza dukani.

Mshipi wake wa zamani ulikuwa umekaa juani. Jua huila nailoni. Kwa macho inaonekana nzima, ukiifunga fundo na kuvuta inakatika kama tambi. Fedha aliyokuwa nayo ilitosha kujipanga kwa samaki wa aina moja: ama nailoni nyembamba na ndoana ndogo za migebuka, ama nailoni nene na ndoana kubwa za sangala. Binti yake alikuwa anamaliza darasa la saba, na akifaulu Januari ingetakiwa sare, madaftari na godoro la bweni. Sangala mmoja mkubwa angeweza kulimaliza lile godoro kwa usiku mmoja.

Mjomba alikunjua uzi, akaupitisha kwenye ukucha kutafuta mikwaruzo, akafunga fundo, akalilowesha kwa mate kabla ya kulikaza ili lisiungue, akavuta. Alirudia hivyo kwa rola zote mbili. Kisha akaweka ile nene kando.

“Na sangala, mjomba?” nikamuuliza.

“Sangala akija atakata, ataondoka. Nimeshamsamehe hapa hapa dukani.”

Neno hilo halijanitoka. Tunadhani mtu huchagua mshipi kwa kumfikiria samaki atakayempata. Kumbe huchagua vilevile kwa kumfikiria atakayemwacha aende, na anapaswa kukubaliana naye mapema, mchana, akiwa na akili timamu. Usiku mshipi ukikatika mkononi si wakati wa kuanza kuomboleza.

Migebuka ilimpa polepole, usiku mmoja ndoo, usiku mwingine samaki wa kuhesabu kwa vidole. Binti aliingia kidato cha kwanza Januari 2025, godoro likiwa juu ya basi. Mara mbili katika miezi ile, mjomba anasema, kitu kizito kilichukua manyoya kule chini, kikatembea nayo taratibu, na mshipi ukarudi mwepesi. Alifunga tawi jipya akaendelea.