Usipoziba Ufa

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeiandika katika insha tangu nikiwa darasa la tano, na mara nyingi walimu wamenipa alama nzuri kwa ajili yake. Lakini kuiandika methali ni jambo moja na kuijua ni jambo jingine. Mimi niliijua mwaka 2025, katika likizo ya Aprili, nikiwa nimepanda juu ya paa la karavani na kopo la rezini mkononi.

Wanachama wenzangu mtakumbuka kwamba sikuwa nanyi katika ziara ya chama chetu kule Mombasa. Mliponiuliza, nilisema tumbo lilinishika. Haikuwa kweli. Tumbo langu lilikuwa zima kabisa. Naomba mnivumilie nisimulie kilichotokea.

Mama yangu huuza chai, mandazi na chapati kando ya barabara hapa Naivasha. Kazi hiyo ndiyo inayonilipia karo. Mwaka 2024 kibanda chake cha mabati kilibomolewa, tukaambiwa kimejengwa katika sehemu ya barabara. Akajenga kingine hatua chache kutoka pale. Hicho nacho kikabomolewa kabla hata misumari haijashika kutu. Jioni hiyo Mama aliketi juu ya mabati yaliyokunjwa, akasema, "Sasa nataka kibanda chenye magurudumu. Wakija, mimi naondoka nacho."

Tulidhani anatania. Kumbe mjomba wangu, ambaye ni fundi wa mashua za faiba ziwani, alikuwa akisikiliza kwa makini. Baada ya wiki moja alitupeleka mahali fulani karibu na ziwa ambapo karavani ndogo ilikuwa imetelekezwa chini ya migunga. Maji ya Ziwa Naivasha yalipopanda mwaka 2020 na kuwafukuza watu kutoka majumbani mwao, karavani hiyo ilisimama majini miezi mingi. Ilikuwa na umbo la yai. Zamani ilikuwa nyeupe, lakini sasa ilikuwa kijani kwa kuvu, na ndani ilinuka kama kapu la samaki wa juzi. Mama alitoa shilingi 38,000 alizopata kwa zamu yake ya chama cha akina mama, akainunua. Ilipovutwa hadi mtaani kwetu majirani walitoka kutazama. Mmoja akasema kwa sauti, "Huyu mama amenunua yai bovu!" Watu wakaangua kicheko. Mama hakujibu. Alikwenda kuteka maji ya kuiosha.

Mjomba aliniambia, "Usiiogope sura yake. Hii ni mashua mbili tu. Moja imelala chini, nyingine imefunikwa juu yake." Nilipoitazama vizuri niliona kweli mshono uliozunguka kiunoni mwake. Faiba ni mikeka ya nyuzi za kioo iliyoloweshwa kwa rezini ikakauka pamoja. Haishiki kutu kama bati wala haiozi kama mbao. Ndiyo maana miaka mingi ya mvua na kuvu haikuwa imeiua.

Baadaye nilisoma katika kompyuta za shule kuhusu asili ya karavani za aina hii. Huko Winnipeg nchini Kanada, mwaka 1968, bwana aitwaye Ray Olecko alianza kuunda karavani ndogo ya faiba yenye urefu wa futi 13, akaiita Boler kwa kuwa umbo lake lilimkumbusha kofia ya mviringo waliyovaa mabwana wa Kiingereza. Kabla ya hapo, bwana huyo alikuwa ameunda matangi ya faiba ya kuhifadhia maji ya choo! Nilipomsomea Mama habari hizo alicheka hadi akafuta machozi, kisha akanikataza kabisa kuwaambia wateja.

Kazi ilianza. Tuliing'oa sakafu kwanza, kwa sababu plaiwudi ya zamani ilikuwa imekuwa laini kama uji. Tuliweka mpya ya milimita 18, na Mjomba akanifunza kuipaka rezini kila upande, hasa kwenye kingo, maana maji huingilia kwenye kingo. Riveti zilizolegea tulizitoa, tukaweka nyingine na kuzifunga kwa silikoni. Magurudumu nayo yalikuwa na kisa chake. Kwa macho yangu tairi zilikuwa nzuri, zina meno. Mjomba akanionyesha tarakimu nne zilizochapwa ubavuni: 1409. "Hii iliundwa wiki ya 14 ya mwaka 2009," akasema. "Tairi huzeeka hata ikikaa bure. Ukiiamini hii barabarani utajilaumu." Tukatafuta nyingine, tukasafisha beringi na kuzijaza grisi mpya.

Mama alitaka kila kitu kiwe nyuma kwenye dirisha kubwa: jiko, pipa la maji, unga na sukari. Mjomba akakataa. Wakabishana. Mwishowe tukajaribu kama alivyotaka Mama, tukaivuta kwa pikapu ya jirani. Kabla hatujamaliza nusu kilomita, karavani ilianza kutikisa mkia kama mbwa aliyemwona bwana wake, na pikapu nayo ikayumba. Jirani alisimama akitetemeka. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba trela yenye magurudumu mawili ni kama mizani: mzigo ukizidi nyuma, mbele hunyanyuka na gari linapoteza utulivu. Tulihamisha pipa na unga mbele ya ekseli, tukaacha nyuma vitu vyepesi kama sahani na vikombe. Safari ya pili ilitulia tuli.

Mtungi wa gesi tuliuweka nje, mbele, ndani ya kisanduku chenye matundu chini. Nilidhani matundu ni ya urembo. Kumbe gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu bali hutambaa sakafuni ikingoja cheche. Kuhusu umeme, kazi hiyo nilipewa mimi, nami nikajiona mhandisi. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Taa tatu za wati 5 zikiwaka saa tano zinatumia 75 tu. Hata betri ikiwa imezeeka kama yetu, kunabaki umeme wa kutosha wa kuchaji simu za wateja. Mwalimu wetu wa Fizikia, ikiwa unasoma haya, ujue kwamba si kila siku nilikuwa nimelala darasani.

Sasa nifike kwenye kiini cha kisa changu. Paa lilikuwa na tundu la kupitishia hewa ambalo kifuniko chake kilikuwa kimevunjika, na pembeni mwa tundu palikuwa na ufa wa urefu wa kiganja. Tulikubaliana kuliziba lote. Jumamosi hiyo Mjomba aliitwa ziwani kwa dharura. Akaniambia, "Mpwa wangu, ningoje. Lakini ukiona lazima uanze, rezini nusu lita, hadina isizidi mililita 5. Jua ni kali leo. Pima kwa bomba la sindano, usipime kwa jicho."

Nami nilikuwa na mechi saa kumi. Ilikuwa fainali ya mtaa wetu na mtaa wa pili, na mimi ndiye kipa. Saa tisa nilipanda juu ya paa. Nilikwaruza ufa kwa msasa mara mbili tatu, nikamimina hadina kwa jicho, tena nikaongeza kidogo ili ikauke upesi. Msomaji, usijaribu! Rezini hukauka kwa kutoa joto, na hadina ikizidi joto huzidi pia. Kopo lilianza kuniunguza kiganja, kisha likafuka moshi. Nilitwaa kilichobaki, nikakibandika pamoja na mkeka kabla nyuzi hazijalowa. Kiraka kiligandamana kikiwa na mabaka meupe makavu. Niliporudi kutoka mechini, ambapo tulifungwa mabao mawili kwa sifuri, nilikuta kimepasuka ufa mwembamba kama unywele.

Ningeweza kumwambia Mjomba jioni ile ile. Badala yake nilichukua rangi nyeupe, nikapaka mara mbili. Ufa haukuonekana tena. Mjomba aliporudi alitazama kutoka chini, akanipiga begani akasema, "Vizuri, fundi." Neno hilo lilinichoma kuliko lile kopo.

Mama alifungua biashara muhula wa pili ulipoanza. Wateja walifurika. Yule jirani aliyesema habari za yai bovu alikuwa wa kwanza kununua chapati. Wiki moja baadaye mvua kubwa ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Mama alikuta baloo nzima ya unga imelowa na sakafu mpya imefura chini ya rafu. Alimpigia Mjomba simu mbele yangu. "Ndugu yangu, nilikuamini," alisema. "Ungekuwa mtu wa nje ungeniibia kwa heshima zaidi." Sijui Mjomba alijibu nini. Nilimwona tu Mama akizima simu na kuiweka mezani polepole.

Kwa siku nne hawakuzungumza. Mwenye mashua mmoja aliyekuja kunywa chai alisikia habari hizo, akasema labda atatafuta fundi mwingine. Nilikuwa pale pale nikiosha vikombe. Nilitaka kusema lakini ulimi ulinata. Shuleni nilisoma bila kuelewa. Usiku nilisikia mvua juu ya mabati ya nyumba yetu, na kila tone lilikuwa kama linaniita kwa jina.

Siku ya nne, wakati wa chakula cha jioni, niliyatoa yote: mechi, hadina, moshi, rangi. Nilingoja makofi. Mama hakunipiga. Alinyamaza, akaosha sufuria moja mara mbili. Kisha akasema, "Si mimi wa kuambiwa kwanza. Nenda ukamwambie mjomba wako, nami nitakuja nyuma yako, kwa sababu hata mimi nina la kumwambia."

Kesho yake baada ya masomo nilimkuta Mjomba ufuoni, amelala chini ya mashua iliyopinduliwa. Nilisema maneno yangu nikiwa nimesimama. Hakutoka mara moja. Nilisikia tu sauti yake, "Siku nne. Siku nne dada yangu hanisalimii." Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, labda kwa vumbi la faiba. Akanipa kipande cha msasa. "Twende."

Mara hii tulifanya kazi inavyotakiwa. Tulikwangua kiraka chote hadi kwenye faiba nzima, tukachonga kingo ziwe mteremko mpana ili kiraka kipate pa kushika. Tulifuta kwa asetoni. Tukapima hadina kwa bomba la sindano. Tukaweka mikeka mitatu, mdogo kwanza, kisha mkubwa zaidi, tukisukuma kila kiputo cha hewa kwa rola. Vumbi lilinipenya shingoni na mikononi likawasha kuliko upupu, ingawa nilikuwa nimeziba pua na kuvaa mikono mirefu. Mjomba akanikumbusha kuoga kwa maji baridi. Baadaye Mama alifika, akasimama kando na chupa ya chai. Akamwambia Mjomba maneno machache ambayo sikuyasikia, na sikustahili kuyasikia. Niliona tu wakinywa kikombe kimoja kwa kupokezana.

Plaiwudi, rezini na unga vilifika shilingi 4,300. Nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi 4,500 kutokana na kuosha mashua katika likizo, na hizo ndizo zilizokuwa nauli yangu ya Mombasa. Hakuna aliyeniomba. Mama hata alikataa mara ya kwanza. Lakini niliziweka chini ya kopo la sukari nikaenda shule, na jioni kopo lilikuwa limesogezwa. Basi lenu lilipopita barabarani alfajiri ile mkiimba, mimi nilikuwa ndani ya karavani nikikanda unga. Niliwapungia mkono. Nadhani hakuna aliyeniona.

Mvua imenyesha mara nyingi tangu wakati huo. Kila inaponyesha usiku huamka, nikachukua tochi, nikaenda kupapasa dari la karavani kwa kiganja. Ni kavu. Mama hunisikia nikitoka, lakini hajawahi kuniuliza ninakwenda wapi.

Wanachama wenzangu, sitawahubiria. Nasema tu kwamba rangi haizibi ufa, na anayelowa mvua ikija si lazima awe yule aliyepaka rangi. Kwa mlezi wa chama na kwa nyinyi nyote, naomba radhi kwa ule uongo wa tumbo. Mkipita barabarani mkaona yai jeupe lenye magurudumu mawili, karibuni chai. Mandazi ni shilingi kumi. Punguzo hakuna, hata kwa wanachama.