Betri Mbovu na Posa ya Binti Yangu



Mwezi uliopita nilipanda basi hapa Mombasa, nikashuka Kyumvi, nikachukua matatu hadi mjini Machakos. Binti yangu alikuwa amemaliza shahada ya uzamili ya kemia huko, na nyumbani posa ilikuwa ikingoja jibu. Nilikwenda kumrudisha.

Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Baba, naomba radhi yako nisome uzamivu. Nataka kutafiti namna ya kurejeleza betri za magari bila kuchoma risasi tanuruni."

Nilinyamaza. Sisi wa Changamwe twaijua habari ya Owino Uhuru. Kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu, sumu ikaingia majumbani, watoto wakapatikana na risasi damuni. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Lakini fedha haziponyi ubongo wa mtoto uliokwisha kudhurika.

Nami, niliyeendesha teksi miaka mingi, nimewauzia betri ngapi wanunuzi wa vyuma chakavu? Sikuuliza hata mara moja ziendako.

Akanifafanulia: risasi yaweza kumumunyishwa katika kimiminika, kisha umeme ukaitoa ikiwa safi, pasipo tanuru wala moshi wake. Kazi iliyobaki ni kuifanya njia hiyo iwe rahisi na nafuu kwa nchi kama yetu. Ufadhili nao upo wa kuombwa: shirika la DAAD la Ujerumani hudhamini uzamivu katika vyuo vya Kenya, na mfuko wa RSIF, unaosimamiwa na icipe jijini Nairobi, hudhamini tafiti za nishati na madini.

Dini yetu imefanya kutafuta elimu kuwa faradhi, na kuondoa dhara njiani kuwa sehemu ya imani. Binti yangu alikuwa akiomba yote mawili kwa pamoja. Ningemzuia kwa hoja gani? Nikampa radhi. Wenye posa nimewaeleza ukweli: akitaka kuolewa ataolewa, lakini masomo hayatakatizwa. Bado wanashauriana.

Wiki hii betri ya gari langu imekufa. Mnunuzi wa vyuma alipita akipiga kelele zake, sikumwita. Ipo uani, juu ya kibao, mbali na wajukuu.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.